Maniema: Gunia la kasiterite lina lebo yake, je, programu ya freni inayo?

KINDU – Gunia la kasiterite linalotoka Kalima halisafiri bila kitambulisho. Shingoni linafungwa lebo ya plastiki yenye namba, na namba hiyo inaandikwa katika daftari pamoja na uzito, tarehe na mahali lilipochimbwa. Likifika kwa mnunuzi wa kati, yule ambaye kila mtu huku anamwita negosia, lebo ya chimbo inaondolewa, nyingine inafungwa, na daftari la pili linajazwa. Kiwanda cha kuyeyusha madini ng'ambo ya bahari kinapaswa kuweza kushika namba ya mwisho na kurudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka kwenye shimo.

Maniema ilijifunza uzito wa lebo hiyo kwa shida. Mwezi wa Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kinazitaka kampuni kubwa zieleze kama madini wanayotumia yanatoka Congo au nchi jirani. Tarehe 9 Septemba mwaka huohuo, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Maniema na Kivu zote mbili. Machimbo yalifunguliwa tena Machi 2011. Tangu hapo neno likawa moja: gunia bila lebo halina mnunuzi wa maana.

Sasa, bati linalotolewa ndani ya kasiterite, lile ambalo wazee waliofanya kazi Symétain waliliita étain, linaenda kufanya nini huko ng'ambo? Karibu nusu ya bati lote la dunia linatumika kulehemu vifaa vya umeme. Lehemu ya kisasa isiyo na risasi, ile inayotumika zaidi viwandani, ina bati asilimia 96,5. Kinachobaki ni fedha na shaba kidogo. Hiyo ndiyo inayoshika vipande vidogo kwenye kadi za simu, za redio, na za magari. Gari la kisasa lina makumi ya kompyuta ndogo: moja ya injini, moja ya freni, moja ya mifuko ya hewa, na kadhalika. Si ajabu tone la bati la Kalima likawa ndani ya jeep inayosubiri leo kuvuka Lualaba kwenda Alunguli.

Lakini bati ni mwili tu. Kinachoamua gari lisimame au lisisimame ni programu iliyo ndani ya kompyuta hizo. Na hapo swali la Maniema linarudi kwa sura nyingine: mstari mmoja wa programu ya freni, je, una lebo? Mtu anaweza kuushika na kurudi nyuma mpaka kwa aliyeuagiza, na kwenda mbele mpaka kwa aliyeujaribu?

Sharti na jaribio katika kabati moja

Programu ya gari haianzi kwa kompyuta. Inaanza kwa sentensi. Kabla ya kuandika chochote, wahandisi wanaandika masharti: gari lifanye nini, lini, kwa muda gani, na kama kipande fulani kimekufa lifanye nini badala yake. Sharti moja linaweza kusema hivi: dereva akikanyaga freni wakati pedali ya mafuta nayo imekanyagwa, injini ipunguze nguvu, freni ishinde.

Kila sharti linahitaji jaribio. Mtu akisema freni lazima ishinde, mtu mwingine aoneshe kwamba kweli inashinda. Rahisi kusema. Kwa muda mrefu masharti yaliandikwa katika vitabu vizito au katika programu maalumu za bei kali, majaribio katika jedwali jingine, na programu yenyewe mahali pa tatu. Kuunganisha hayo matatu kulikuwa kazi ya mikono: mtu anakaa na jedwali, anaandika sharti namba 14 linajibiwa na jaribio namba 230. Keshokutwa sharti namba 14 linabadilishwa kwenye mkutano. Nani atakumbuka jaribio namba 230? Mara nyingi, hakuna. Jedwali linabaki zuri, la kijani kutoka juu hadi chini, na linasema uongo.

Njia ambayo wahandisi wengi wa magari wanaifuata sasa ni kuweka vyote katika kabati moja. Sharti linaandikwa kama maandishi ya kawaida, katika faili dogo, lenye namba yake. Faili hilo linakaa pamoja na msimbo, yaani yale maandishi ambayo mtu anaiamuru nayo kompyuta (wengine wanayaita kodi, neno ambalo Kindu tayari lina maana nyingine na halina marafiki wengi). Jaribio nalo ni programu ndogo, nalo lina namba ya sharti linalolijibu. Mfano wa kutungwa ungekuwa hivi:

Namba: FRENI-014
Sharti: Freni na pedali ya mafuta zikikanyagwa pamoja, nguvu ya injini ishuke ndani ya muda uliowekwa.
Ngazi ya hatari: D
Jaribio: freni_inashinda_mafuta

Mistari minne. Anayeandika jaribio hilo anaiambia mashine: weka gari katika mwendo wa kilometa 60 kwa saa, kanyaga mafuta mpaka mwisho, kisha kanyaga freni, pima nguvu ya injini. Halafu anarudia huku sensa moja ya pedali imekatwa. Halafu huku betri imechoka. Hakuna anayehitaji kuwa barabarani. Kompyuta ya gari inawekwa mezani na kudanganywa na kompyuta nyingine kwamba iko barabarani, usiku kucha kama inabidi.

Kabati lenyewe mara nyingi ni Git, programu ambayo Linus Torvalds, mzaliwa wa Finland aliyeanzisha Linux, aliitoa mwaka 2005. Git inakumbuka kila badiliko: nani, siku gani, alibadilisha mstari gani, na alisema kwa sababu gani. Hakuna anayeruhusiwa kuingiza badiliko peke yake; mwenzake lazima alisome na kulikubali. Kisha mashine inaendesha majaribio yote yenyewe. Sharti lisilo na jaribio, mashine inakataa. Jaribio linalotaja sharti ambalo halipo tena, inakataa. Na kuna programu za bure, kama Doorstop, zinazoweka alama ya kidole kwenye kila sharti: neno moja likibadilishwa, alama haifanani tena, na kila kilichofungwa kwenye sharti hilo kinawekewa alama ya mashaka mpaka mtu akiangalie upya. Nyingine zinazofanya kazi ya namna hiyo ni StrictDoc na Sphinx-Needs. Zote ni za bure.

Hiyo ndiyo tofauti na jedwali la mikono. Jedwali linasubiri mtu akumbuke. Kabati hili linapiga kelele lenyewe.

Sheria ya mchezo kwa magari iko katika kanuni ya kimataifa ISO 26262, iliyotoka mwaka 2011. Inapanga hatari kwa ngazi nne, A mpaka D, kwa kuuliza mambo matatu: ajali ikitokea mtu ataumia kiasi gani, hali hiyo inatokea mara ngapi, na dereva anaweza kujiokoa au hapana. Freni na usukani mara nyingi ziko D. Katika ngazi hiyo kanuni inataka ufuatiliaji wa pande mbili: kutoka sharti mpaka jaribio, na kutoka jaribio kurudi mpaka sharti. Toleo la pili, la mwaka 2018, liliongeza malori, mabasi na pikipiki. Pikipiki nyingi za motari wa Kindu bado zina kabureta na hazina programu yoyote ya kutisha. Hilo halitadumu, na chini tutaona kwa nini.

Kilichoonekana Oklahoma

Toyota ndiyo gari ya Maniema. Anayebisha aende kusimama barabarani dakika kumi. Land Cruiser za zamani zenye injini ya 1HZ, zile za mazutu ambazo mashirika yanazipenda, pampu yake ni ya chuma na inatii mguu wa dereva moja kwa moja. Magari madogo ya okazioni ya miaka ya 2000 ni habari nyingine. Katika mengi yao pedali ya mafuta haivuti waya wa chuma tena. Inatuma ishara, na programu inaamua injini ifungue hewa kiasi gani.

Kati ya mwaka 2009 na 2010 Toyota iliita mamilioni ya magari yarudi gereji kwa sababu ya malalamiko kwamba yanaongeza mwendo bila kuamriwa. Kampuni ilitaja mazulia yanayoshika pedali na pedali zinazokwama. Serikali ya Marekani iliwaomba wahandisi wa NASA waichunguze programu. Mwezi wa Februari 2011 walitoa jibu: hawakupata kasoro ya elektroniki inayoeleza ajali hizo. Waliongeza, na hili lilisahauliwa haraka, kwamba kutopata si ushahidi kwamba haiwezekani.

Mwezi wa Oktoba 2013, mahakama moja ya Oklahoma ilisikiliza kesi ya Camry ya mwaka 2005 iliyopata ajali mwaka 2007. Abiria alikufa, dereva akajeruhiwa vibaya. Safari hii wataalamu wa upande wa walalamikaji walipewa nafasi ya kusoma msimbo wenyewe katika chumba kilicholindwa. Mmoja wao, Michael Barr, alieleza kwamba kazi 67 ndani ya programu hiyo zilikuwa na matawi mengi kiasi kwamba haziwezi kujaribiwa kikamilifu, na ile ya kupima ufunguzi wa hewa ya injini ilikuwa mbaya kuliko nyingine. Mwingine, Philip Koopman wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon, alizungumzia zaidi ya vigeugeu 10.000 ambavyo sehemu yoyote ya programu inaweza kuvigusa. Ni kama nyumba ya familia ambamo watu elfu kumi wana ufunguo wa sanduku la pesa. Pesa zikipotea, utamuuliza nani?

Baraza la wazee wa mahakama liliamua Toyota ina hatia na kuwapa walalamikaji dola milioni 3. Kabla ya adhabu ya ziada kutajwa, pande mbili zilielewana nje ya mahakama. Toyota haikukubali kwamba programu ndiyo iliyosababisha. Mwezi wa Machi 2014 ililipa serikali ya Marekani dola bilioni 1,2, kwa kosa jingine: kuwaficha wateja ukweli kuhusu matatizo yale ya pedali na mazulia.

Mtu anaweza kubishana mpaka kesho kama programu ile ilimuua yule abiria. Ambacho hakibishaniwi ni kwamba, miaka sita baada ya ajali, hakuna aliyeweza kutoa karatasi rahisi inayosema: hili ni sharti, huu ni mstari wa msimbo unaolitimiza, hili ni jaribio, lilipita tarehe fulani. Kama ingekuwepo, kesi ingekuwa fupi, kwa faida ya upande mmoja au mwingine.

Namba moja iliyobadilishwa

Afrika ya Mashariki ina kidonda chake katika habari hii, ingawa hakikutoka kwa gari. Tarehe 10 Machi 2019, Boeing 737 MAX ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilianguka dakika chache baada ya kuruka. Watu 157 walikufa, 32 kati yao Wakenya, kuliko nchi nyingine yoyote. Chini ya miezi mitano kabla, tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya aina hiyohiyo ya Lion Air ilikuwa imeua watu 189 huko Indonesia.

Kilichowaua kinafahamika. Programu iliyoitwa MCAS ilikuwa inasukuma pua ya ndege chini kila ilipoamini kwamba ndege imeinua pua kupita kiasi. Iliamini sensa moja tu. Sensa hiyo ilipodanganya, programu ilisukuma, marubani wakavuta, programu ikasukuma tena.

Kwa anayejali masharti na majaribio, sehemu ya kuumiza zaidi iko nyuma ya hapo. Katika karatasi za kwanza za usalama, MCAS iliruhusiwa kusogeza bawa la mkia kwa nyuzi 0,6 kila mara. Majaribio ya kurusha ndege yalipoonesha kwamba hiyo haitoshi, namba ikapandishwa mpaka 2,5. Mara nne na zaidi. Lakini karatasi za usalama zilizokuwa mikononi mwa wakaguzi wengi wa serikali zilibaki na namba ya zamani, na hesabu ya hatari haikurudiwa kama ilivyotakiwa. Sharti lilitembea, lebo ikabaki nyuma.

Katika kabati la pamoja, 0,6 kugeuka 2,5 kungebadilisha alama ya kidole ya sharti hilo. Hesabu ya hatari iliyofungwa nalo ingewekewa alama ya mashaka, na kazi isingeendelea mpaka mtu mwenye jina aandike kwamba ameiangalia. Hilo halithibitishi kwamba wale 346 wangekuwa hai. Mtu mwenye jina anaweza pia kuandika uongo. Lakini asingeweza kusema hakujua.

Ndege hizo zilizuiwa kuruka duniani kote kwa zaidi ya mwaka mmoja. Programu mpya inasoma sensa zote mbili na kuzilinganisha, na inasukuma mara moja tu. Ni sharti ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliuliza.

Lebo inayouzwa

Hapa wakaaji wa Maniema wanaweza kuwafundisha wahandisi wa Munich na Nagoya jambo. Lebo si ukweli. Lebo ni plastiki.

Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti kuhusu mpango wa ITSCI, ule unaosimamia lebo za magunia, likisema kwamba madini ya machimbo yasiyoidhinishwa, hasa upande wa Kivu, yalikuwa yakivalishwa lebo za machimbo safi. ITSCI ilikanusha. Lakini mtu yeyote aliyefanya biashara hii anajua jinsi inavyowezekana: chimbo lenye ruhusa linatoa kilo chache, daftari linasema kilo nyingi, na tofauti inakuja usiku kwa pikipiki.

Programu za magari zimekwisha kufanya hivyohivyo, na kwa ustadi zaidi. Tarehe 18 Septemba 2015 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba magari ya mazutu ya Volkswagen yalikuwa na programu inayotambua kwamba gari liko kwenye mashine ya kupimwa. Likiwa pale, lilitoa moshi msafi. Likirudi barabarani, oksidi za naitrojeni zilipanda, hadi mara 40 ya kiwango. Magari yapata milioni 11 duniani. Majaribio yote yalikuwa yamepita. Kila kitu kilikuwa cha kijani. Waliogundua walikuwa watafiti wa chuo kikuu cha West Virginia waliofanya jambo la kijinga na la akili kwa pamoja: walifunga mashine ya kupimia nyuma ya gari na kwenda nayo barabarani.

Kwa hiyo majaribio yanayojiendesha yenyewe hayatoshi. Mara nyingine mtu anaandika jaribio linalopita daima, kwa sababu halipimi kitu. Sharti limepata lebo, bosi ameridhika. ISO 26262 inajaribu kuziba tundu hilo kwa kutaka, katika ngazi za juu, mkaguzi asiyekuwa chini ya bosi yuleyule, na kwa kutaka hata vyombo vya kupimia vithibitishwe. Wahandisi wengine wanaharibu msimbo kwa makusudi, mstari mmoja hapa, mwingine pale, kuona kama majaribio yatalia. Yasipolia, majaribio ndiyo mabovu. Ni ukaguzi mzuri. Katika machimbo, sawa na hilo lingekuwa kupeleka gunia la uongo kwa kusudi na kuona nani atalikubali.

Barua isiyofika

Haya yote yanamhusuje shofere wa Kindu? Kwa njia moja iliyo wazi: gari la okazioni linakuja na programu yake, na makosa yake, lakini barua za kiwanda haziji nalo.

Mwezi wa Februari 2010 Toyota iliita magari zaidi ya 400.000 ya aina ya Prius na ndugu zake, kwa sababu programu ya freni ilichelewa kidogo kwenye barabara mbovu au yenye utelezi. Mwaka 2014 iliita tena Prius milioni 1,9 kwa programu nyingine. Matengenezo si marefu: fundi anaunganisha kompyuta yake na kuingiza programu mpya. Lakini anayeitwa ni mwenye gari aliyeandikishwa katika nchi lilikouzwa. Gari likishauzwa Dubai, likapanda meli, likashuka Dar es Salaam na kufika huku, barua inaenda kwa mtu aliyelisahau. Prius si nyingi Kindu. Kanuni ni ileile kwa gari lolote.

Kinachowezekana ni kidogo, lakini kipo. Namba ya shasi, yenye herufi na tarakimu 17 kwa magari mengi yasiyotengenezwa kwa soko la Japan, inaweza kuingizwa kwenye tovuti za watengenezaji ili kuona kama gari linaitwa. Magari ya soko la Japan yana namba fupi zaidi, na tovuti ya Kijapani. Mnunuzi anaweza kufanya hivyo kabla ya kulipa, si baada ya kulipa. Na taa ya tabloo ya freni au ya mfuko wa hewa inapowaka, ni jaribio la kiwanda ambalo limeanguka mbele ya macho ya dereva: kila mara ufunguo unapozungushwa, kompyuta hizo zinajipima zenyewe. Kufuta kosa kwa kifaa kidogo cha Kichina bila kutengeneza, au kutoa balbu ili mteja asione, ni kubandika lebo kwenye gunia la wizi.

Upande wa pili wa mpaka, mambo yanakwenda mbio. Kigali, Volkswagen inaunganisha magari tangu 2018, na kampuni ya Ampersand imeweka pikipiki za umeme barabarani tangu 2019. Wasafiri wa Goma na Bukavu wanaziona. Uganda, kazi iliyoanza Chuo kikuu cha Makerere na gari la Kiira EV mwaka 2011 imezaa Kiira Motors, basi la Kayoola linalotumia jua mwaka 2016, na kiwanda Jinja. Hawa hawanunui masharti ya wengine tu. Wanaandika ya kwao, kwa joto la hapa, kwa vumbi la hapa, kwa barabara ambayo injinia wa Ulaya hawezi kuiwaza.

Pikipiki ya umeme ikifika Kindu, na bei ya esansi ya huku inaialika, itakuja na programu inayolinda betri: inapima joto na nguvu ya kila chembe, na kukata umeme kabla haijashika moto. Nani ameandika kwamba ikatwe kwa joto gani? Ilijaribiwa kwa joto gani? Na ikikatwa ghafla motari akiwa na abiria wawili kwenye mteremko? Muuzaji mwenye kazi nzuri nyuma yake anaweza kuonesha jibu kwa kila swali, pamoja na namba. Ofisi ya OCC inayokagua bidhaa zinazoingia nchini ina haki ya kuyauliza kama inavyouliza kuhusu uzito na tarehe.

Kwa vijana wa Chuo kikuu cha Kindu na wengine wanaosoma kompyuta, kuna jambo la kutia moyo katika kazi hii ambayo inaonekana ya mbali. Vyombo vyake vikubwa ni vya bure, na maandishi ya kawaida hayahitaji mashine yenye nguvu. Zaidi ya hayo, Git ilijengwa ili kila mtu awe na nakala nzima ya kabati kwenye mashine yake. Mtu anaweza kufanya kazi wiki nzima bila intaneti, kurekodi kila hatua, na kutuma yote siku mtandao unapoamka. Ni vyombo vichache vya wahandisi vinavyoufaa mji wa umeme wa kubahatisha kama hivi.

Wala si lazima kuanza na gari. Pampu ya maji ya kituo cha afya, friji ya chanjo, kipimo cha kiasi cha maji kwenye tangi: kila kimoja kina sharti ambalo likivunjwa mtu anaumia. Friji ya chanjo nyingi inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Hilo ni sharti la kwanza, na faili lake halizidi mistari mitatu: namba, sentensi, na jina la jaribio ambalo litaamsha mtu usiku nyuzi zikifika 9.